Neno "Hoteli" Katika Kiswahili cha Thika na Ruiru: Uhakiki wa Asili na Maana Yake

Miongoni mwa maneno ya mkopo yanayodhaniwa kuwa hayana tatizo lolote, neno "hoteli" lina nafasi ya mbele. Mtunga kamusi hulipita haraka. Hulipa maana ya nyumba ambamo wasafiri hulala na kula kwa malipo, huongeza kifupisho cha kuonyesha kwamba limetoka katika Kiingereza, kisha huendelea na neno linalofuata. Anayesoma kidahizo cha namna hiyo akiwa London au Paris hataona kasoro. Lakini anayekisoma akiwa katika mji wa Thika, au Ruiru iliyo kilomita ishirini hivi kusini yake katika barabara ya kwenda Nairobi, hana budi kushangaa. Kwani hoteli anazozijua yeye, zile anazoingia saa moja asubuhi kabla ya kwenda kiwandani na saa saba mchana akiwa na njaa, aghalabu hazina hata kitanda kimoja.

Makala haya yanadai kwamba kidahizo hicho kimekosea katika maana na kimekosea pia katika asili, na kwamba makosa yote mawili yametokana na mazoea ya kuamua ukoo wa neno kwa kusikiliza sauti yake tu, bila kutazama kilichoandaliwa mezani. Thika na Ruiru zimechaguliwa kwa kuwa ni mahali ambapo mambo yote yanayohusika yamekutana katika eneo dogo: hoteli ya masetla, reli, maduka ya Wahindi, viwanda, mashamba ya kahawa, na lugha ya Kikuyu ambayo, kama itakavyoonekana, imehifadhi ushahidi ambao Kiswahili chenyewe kimeuacha.

Safari ya mbali ya neno hili haina ubishi mkubwa. Waingereza walilichukua kutoka kwa Wafaransa katika karne ya 17, na wakati huo "hôtel" lilikuwa jumba la mtu mkubwa mjini wala si nyumba ya wageni wa kulipa. Wafaransa wenyewe wangali wanalitumia hivyo pamoja na maana zake nyingine; jengo la halmashauri ya mji wao huitwa "hôtel de ville", ingawa hapana anayelala humo isipokuwa labda karani mvivu. Maana ya nyumba ya kulaza wasafiri ilishika mizizi katika Kiingereza karne ya 18, pale wenye nyumba za namna hiyo walipotaka kuonyesha kwamba zao zilikuwa na hadhi kupita "inn", neno la asili la Kiingereza kwa jambo lilo hilo. Kwa hiyo tangu mwanzo "hotel" liliingia katika Kiingereza likiwa limevaa joho. Ile alama iliyo juu ya herufi o katika maandishi ya Kifaransa ni kaburi la herufi s: zamani Wafaransa waliandika "hostel", nalo lilitokana na neno la Kilatini cha karne za kati, "hospitale", yaani mahali pa wageni, ambalo nalo limejengwa juu ya "hospes".

Hilo la mwisho lina jambo la kumvutia msemaji wa Kiswahili. "Hospes" lilimtaja mgeni, na lilimtaja pia mwenyeji anayempokea mgeni. Watu wawili walioketi pande mbili za chakula kimoja walishiriki jina moja. Kiswahili hakikufanya hivyo. Mwenyeji ni mwenyeji na mgeni ni mgeni, ila neno "mgeni" lenyewe limebeba mzigo wa watu wawili, yule aliyekaribishwa na yule asiyejulikana atokako. Ndiyo maana wahenga walihimiza kwamba siku ya tatu apewe jembe. (Katika ardhi ya Thika na Ruiru methali hiyo iligeuzwa juu chini, kwani mgeni wa mwanzo wa karne ya 20 ndiye aliyegawa majembe kwa wenyeji, lakini hilo ni somo la mwanahistoria.)

Kiingereza kilikopa kutoka katika ukoo huo wa Kilatini na Kifaransa zaidi ya mara moja, kikapata "hospital", "hostel" na "hotel", na Kiswahili kimezipokea zote tatu kama ndugu wa tumbo moja: hospitali, hosteli, hoteli. Msafiri anayetoka Nairobi kuelekea Thika huwaona ndugu hao watatu kandokando ya barabara moja. Hosteli za wanafunzi zimejaa kuanzia upande wa Kahawa hadi Juja, penye chuo kilichoanzishwa mwaka 1981. Hospitali iko Thika. Na hoteli ziko kila mahali. Kimatamshi maneno hayo yamefuata kanuni iliyozoeleka: irabu i imeongezwa baada ya l ya mwisho, kama katika "baiskeli". Hata mkazo wa "hoteli" umebaki juu ya silabi ileile ya Kiingereza, kwa bahati njema ya kanuni ya Kiswahili inayoweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kwa upande wa sauti, basi, hakuna la kubishania, na pengine ndiyo sababu watunga kamusi wameridhika mapema mno.

Maana ndiyo yenye mgogoro. Mtu wa Thika asemapo "twende hotelini" hamwaliki mwenzake kulala. Anamwalika kunywa chai, kula chapati na maharagwe, au ugali na nyama iwapo mshahara umeingia. Upo ushahidi wa kiisimu usiohitaji takwimu, nao ni kutazama ni maana ipi kati ya hizo mbili inayohitaji kuongezewa sifa ili ieleweke. Anayekusudia mahali pa kula husema "hoteli" na kunyamaza, na msikilizaji huelewa. Anayekusudia nyumba ya vitanda, mashuka na funguo zenye nambari hulazimika kusema "hoteli ya kitalii", "hoteli kubwa", au kuitaja kwa jina lake. Neno linalosimama peke yake ndilo lenye maana ya msingi. Linalotembea na mkongojo ndilo lenye maana ya ziada. Kwa kipimo hicho, kamusi inayotanguliza malazi imeweka mkia mahali pa kichwa.

Ushahidi mwingine umepakwa rangi kwenye kuta. Yeyote aliyepita katika miji ya Kenya ameona vibao vya maneno yaliyoshonwa pamoja kwa Kiingereza: "Hotel, Bar, Butchery & Lodging". Mwingereza akikisoma kibao hicho atadhani mwandishi amerudia jambo moja mara mbili, kwani kwake hoteli isiyo na malazi si hoteli. Mwandishi hakurudia. Aliongeza "Lodging" kwa sababu alijua fika kwamba "Hotel" pekee haingemwambia mpita njia kwamba mna vitanda. Ni Kiswahili kilichovaa herufi za Kiingereza. Na mpenda asili za maneno ana lake la kuchekea hapo, kwa kuwa "bar", "butchery" na "lodging" nayo yamepitia Kifaransa cha kale kabla ya kufika Uingereza. Likiondolewa lile "ing" la mwishoni, kibao kizima ni mali ya Wafaransa. Mwenye bucheri wa Makongeni hana habari ya deni hilo, wala hadaiwi.

Swali gumu ni jinsi maana hiyo ilivyopatikana. Hapa pana maelezo mawili yanayoshindana, na la kwanza ndilo linalopendwa zaidi kwa kuwa linauma.

Maelezo hayo yanaanzia kwenye Hoteli ya Blue Posts, iliyojengwa mwaka 1908 baina ya maporomoko ya mto Chania na ya mto Thika. Ilikuwako kabla reli kutoka Nairobi haijafika Thika mwaka 1913, na kabla Thika yenyewe haijatambuliwa kuwa mji. Masetla waliokwenda kupanda kahawa na katani walipumzika huko. Enzi yao imeelezwa na Elspeth Huxley katika kitabu alichokichapisha mwaka 1959, kiitwacho The Flame Trees of Thika, kuhusu utoto wake katika shamba la wazazi wake. Katika Kenya ya wakati huo ubaguzi wa rangi ulikuwa desturi ya hoteli za masetla kwa jumla. Mwafrika aliingia kwa mlango wa nyuma akiwa mpishi, mtumishi wa mezani au dobi, na hali hiyo haikulegea ila katika miaka ya mwisho ya ukoloni. Hivyo hudaiwa kwamba Mwafrika, kwa kuwa hakuruhusiwa kulala hotelini, alilijua neno hilo kwa upande wa jikoni tu, akalichukua kwa maana ya chakula.

Ni maelezo yenye uchungu wa kweli ndani yake, lakini hayawezi kukubaliwa kama yalivyo. Mtu aliyekuwa akitandika vitanda hivyo kila asubuhi na kufua mashuka yake hakuhitaji kuambiwa kwamba hoteli ni mahali pa kulala. Alijua kuliko mgeni. Tena maelezo haya yakiwa sahihi, ingetarajiwa maana ya chakula ionekane zaidi katika maeneo ya masetla na ififie kwingineko. Sivyo ilivyo. Hoteli ya kula chakula inajulikana katika Kiswahili cha pwani, inajulikana Tanzania, na inajulikana mbali kabisa na shamba lolote la setla. Kubaguliwa kunaweza kueleza kwa nini maana hiyo, ilipokwisha kuingia, haikusahihishwa na maana ya Kiingereza. Watu wasiolala katika nyumba za namna hiyo hawana haja ya kuzitafutia jina. Hakuwezi kueleza ilikotoka.

Maelezo ya pili yanaelekea baharini. Huko Bara Hindi, kwa miaka mingi, "hotel" limekuwa na maana ya mahali pa kula, na mpaka leo katika miji mingi ya India na Pakistan mtu huenda "hotel" kunywa chai na kurudi nyumbani kulala. Maana hiyo ni ileile ya Thika, bila kupungua wala kuzidi. Na njia ya kuileta Afrika ya Mashariki haihitaji kubuniwa. Wahindi zaidi ya thelathini elfu walisafirishwa kujenga reli ya Mombasa kwenda ziwani kati ya mwaka 1896 na 1901, na biashara ya Wahindi katika pwani ilikuwako karne nyingi kabla ya hapo. Katika miji iliyozaliwa na reli, Thika ikiwa mmojawapo, maduka mengi ya mwanzo yalikuwa yao.

Lakini hoja yenye nguvu zaidi ni ile iliyo mezani. Msomaji na aorodheshe kinachouzwa katika hoteli ya kawaida ya Thika au Ruiru. Chai ni neno lililokuja kwa njia ya Uajemi na Bara Hindi. Namna ya kuipika, maziwa na majani na sukari vikichemshwa pamoja katika sufuria moja, ni ya Kihindi, wala si ya Kiingereza, maana Mwingereza huimimina maziwa kikombeni. Chapati ni ya Kihindi kwa jina na kwa kalio. Sambusa imepita mikononi mwa Waajemi, Waarabu na Wahindi. Bajia ni ya Kihindi bila shaka yoyote. Chumba cha namna hiyo kingewezaje kupokea vyakula vyake vyote kutoka upande mmoja na jina lake kutoka upande mwingine? Lingewezekana, lakini anayedai hivyo ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha.

Hapana budi kukiri kwamba sauti haiwezi kuamua shauri hili. Kihindi na Kiurdu husema "hotal", na kama Kiswahili kingalikopa hapo moja kwa moja, ingalitarajiwa "hotali". Kigujarati kinayo pia sura yenye e. Yamkini basi neno lina wazazi wawili: umbo lake lilithibitishwa na maandishi ya Kiingereza, yaliyokuwa yakisomeka kwenye vibao na leseni, na maana yake ililetwa na mtu aliyechemsha chai. Jambo la namna hiyo si geni katika elimu ya asili ya maneno. Kinachokosewa ni kumwandika mzazi mmoja tu katika cheti cha kuzaliwa, kwa sababu ndiye aliyekuwa na kalamu.

Kosa la mtunga kamusi lingekuwa dogo lau lisingeungwa mkono na kosa jingine la walinzi wa usanifu. Kwa kuwa "hoteli" limekwisha kuandikiwa maana ya malazi, mahali pa kula pamehitaji jina jingine, na lililopewa kazi hiyo ni "mkahawa", ambalo kwingine hutamkwa "mgahawa". Katika maandishi ya shule na katika magazeti ya Kiswahili ya Kenya, "mkahawa" ndilo linalochukuliwa kuwa neno safi, na "hoteli" huonekana kama uzembe wa barabarani. Wanafunzi wa Thika hujifunza kuandika "mkahawa" katika insha, kisha hutoka darasani wakaenda hotelini.

Usafi huo unastahili kuulizwa maswali. "Mkahawa" si neno la Kibantu kuliko mwenzake. Kiini chake ni "kahawa", kutoka Kiarabu "qahwa". Hata hiyo m ya mwanzo ina mashaka: inaweza kuwa kiambishi cha ngeli ya M-/MI-, na wingi wake "mikahawa" unaelekea huko, au inaweza kuwa mabaki ya kiambishi cha Kiarabu kinachojenga majina ya mahali, kama katika "maqha", yaani nyumba ya kahawa. Na iwapo ni kiambishi cha Kibantu, kwa nini mkahawa usiwe mti, kama vile mwembe ulivyo mti wa maembe na mchungwa mti wa machungwa? Mti huo katika kamusi huitwa "mbuni". Lakini mashambani Ruiru, na katika biashara ya kahawa ya Kenya nzima, "mbuni" ni kahawa iliyokaushwa na ganda lake, ile ya daraja la chini. Mwanafunzi anayeandika "mbuni" kwa maana ya mti huenda akapata alama zote darasani na asieleweke shambani kwa babu yake. Zaidi ya hayo, "mkahawa" na "café" ya Wafaransa ni watoto wa Kiarabu kilekile, na wote wawili wamefanya jambo moja, yaani kukipa chumba jina la kinywaji. Anayemfukuza "hoteli" kwa sababu ana nasaba ya Paris, akamkaribisha "mkahawa" kwa sababu ni mwenyeji, amembadilisha mgeni kwa mgeni.

Na kinywaji chenyewe kiko wapi? Hapa ndipo Ruiru inapotoa ushahidi wenye kejeli. Ni vigumu kuutaja mji mwingine wa Kenya uliofungamana na kahawa kama huu. Kituo cha utafiti wa kahawa kiko huko. Aina ya mbegu iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1985, inayostahimili chulebuni na kutu ya majani, ilipewa jina la Ruiru 11. Barabarani kabla ya kufika Ruiru kuna mitaa iitwayo Kahawa Sukari na Kahawa Wendani. Walakini kahawa hiyo ilichumwa kwa debe, ikasafishwa, ikakaushwa, ikapelekwa mnadani na kusafirishwa nje; sehemu iliyobaki kunywewa nchini daima imekuwa ndogo sana. Waafrika wa Kiambu walizuiwa kwa miongo mingi hata kuipanda, mpaka vizuizi vilipoondolewa kwa mapana baada ya Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954. Mchumaji aliyeshinda juani akijaza madebe alikwenda jioni hotelini akaagiza chai. Kukiita chumba hicho "mkahawa" mbele yake ni kukipa jina la kitu ambacho alikigusa siku nzima na hakukionja.

Pwani mambo ni tofauti, na lazima isemwe. Huko Mombasa na Lamu muuza kahawa na dele lake na vikombe vyake vidogo ni mtu wa kila siku, na neno "mkahawa" lina harufu ya kitu halisi. Tatizo si neno lenyewe. Tatizo ni kulihamisha pamoja na madaraka yake hadi mahali ambapo harufu hiyo haikufika, kisha kuwashutumu watu wa huko kwa kutoinusa.

Sasa ule ushahidi wa Kikuyu. Mkikuyu wa Thika azungumzapo lugha ya mama huita mahali hapo "mũkawa", na wingi wake ni "mĩkawa". Ni "mkahawa" wa Kiswahili, uliopokewa zamani na kupoteza silabi yake ya katikati. Kahawa yenyewe kwa Kikuyu ni "kahũa". Basi katika lugha hiyo jina la chumba na jina la kinywaji yameachana kabisa. Hapana msemaji wa kawaida anayesikia "kahũa" ndani ya "mũkawa". Neno limekuwa huru, likawa na maana ya mahali pa chai na chakula bila kumdhihaki mchumaji. Msemaji huyohuyo akigeukia Kiswahili husema "hoteli". Hali hii ina mafunzo mawili kwa mchunguzi. Inaonyesha kwamba "mkahawa" ulikuwa neno hai la bara wakati fulani, maana Wakikuyu hawangelikopa kutoka katika vitabu vya insha. Na inaonyesha kwamba "hoteli" lililishinda baadaye katika Kiswahili cha mazungumzo, likaacha alama yake ya nyayo katika lugha jirani tu. Watetezi wa "mkahawa" wangeweza kujenga hoja nzuri hapo kama wangalisikiliza Kikuyu. Badala yake wamejenga hoja ya usafi, ambayo ndiyo dhaifu.

Huenda ikaonekana kwamba haya ni mabishano ya watu wenye nafasi. Siyo. Neno la mahali pa kula ni neno la sheria, la afya na la mishahara. Kenya ilikuwa kwa miaka mingi na sheria iliyotaja "hotels" na "restaurants" kwa majina mawili tofauti, kabla ya Sheria ya Utalii ya mwaka 2011, na kila tofauti ya namna hiyo hubeba leseni yake, ada yake na mkaguzi wake. Mwezi wa Machi 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia nchini, serikali iliagiza sehemu za kula ziuze chakula cha kubeba tu, na mwishoni mwa Aprili ikaziruhusu kufungua tena kwa masharti. Agizo lilitolewa kwa Kiingereza, likasema "restaurants". Likifasiriwa kwa usanifu wa vitabu, linakuwa "mikahawa". Mama mwenye hoteli ya mabenchi manne karibu na soko la Thika, ambaye riziki yake yote imo katika sufuria mbili, alipaswa kujua saa ileile kama yeye anahusika au hahusiki. Mkahawa si jina analoita kazi yake. Kama mfasiri angesema "hoteli za chakula", hakuna ambaye angeuliza swali la pili, wala mwenye hoteli ya kitalii asingedhani kwamba anaambiwa yeye.

Wapo watakaosema kwamba mfasiri afuate kamusi, na kwamba wananchi watazoea. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama neno la kamusi lingekuwa linaziba pengo. Hapa hapakuwa na pengo. Palikuwa na neno lenye afya, linaloeleweka kutoka Thika hadi Mombasa, likaondolewa kazini kwa kuwa nduguye wa Kiingereza ana kazi nyingine. Kwa mantiki hiyo ingebidi "kioski" nalo lipigwe marufuku, kwa sababu lilikuwa jumba la kifahari la Waturuki na Waajemi kabla Wafaransa hawajalifanya kibanda cha bustanini na Waingereza kulipokea. Hakuna mchuuzi wa Githurai anayetakiwa kuuza sukari ya kupima ndani ya kasri.

Nafasi ya "mkahawa" haikusudiwi kufutwa. Lina kazi yake pwani, na siku hizi lina kazi mpya bara pia, kwa kuwa nyumba zinazouza kahawa hasa, kwa bei ambayo ingemlipa mchumaji wa zamani kwa madebe kadhaa, zimefunguliwa katika maduka makubwa yaliyofuata barabara pana iliyozinduliwa mwaka 2012 kati ya Nairobi na Thika. Baadhi yake zimejengwa penye mibuni iliyong'olewa. Humo, hatimaye, mkahawa una kahawa.

Kwa "hoteli", kidahizo cha toleo lijalo la kamusi yoyote inayowajali wasemaji wa bara kingeweza kuandikwa hivi, na watunga kamusi wakione kuwa pendekezo la kujadiliwa:

hoteli, nm. (hoteli au mahoteli). 1. Mahali panapouzwa chai na chakula kilichopikwa: kula hotelini, hoteli ya chai. 2. Nyumba ya kulaza wageni kwa malipo, aghalabu yenye huduma ya chakula: hoteli ya kitalii. Umbo: Kng. "hotel", kutoka Kfr. "hôtel". Maana ya 1: linganisha matumizi ya Bara Hindi. Taz. mkahawa, hosteli, hospitali.